Shahidi wa Pili wa Ndege Mvumaji

Usiku wa jana niliota nimeitwa mbele ya Kamati ya Ndege Waliopotea, ile inayoamua kama ndege uliyemwona ulimwona kweli. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi na mabuti ya mvua. Hakuna aliyeshangaa.

Kamati ilikuwa imekaa ndani ya droo. Walikuwa ndege wa makumbusho, waliokaushwa zamani, wamelala chali, kila mmoja na lebo mguuni. Mwenyekiti alikuwa chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu anayefyonza maua huku kwetu Taita. Alizungumza bila kufungua mdomo.

"Bwana Mwadime, unadai umemwona ndege mvumaji Wundanyi."

"Nilimwona, mheshimiwa."

"Ndege mvumaji wanaishi Amerika. Huyu wako alifikaje?"

"Alipotea."

"Wote husema hivyo," akasema mwenyekiti, na wajumbe wakacheka mpaka vumbi likawatoka vifuani.

Hapa niseme wazi, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa. Nikiwa macho kabisa mimi ni mtembezaji wa watalii wanaotafuta ndege, na ndege huyo nilimwona kweli. Ilikuwa alasiri, nyumbani. Dada yangu Wakesho alikuwa anaumwa figo, nikamtoa barazani aote jua, akalala na kichwa chake begani mwangu. Ndege akaja kwenye ua la mgomba. Alisimama hewani akinywa, mabawa hayaonekani, kisha akarudi kinyumenyume bila kugeuka. Chozi hawezi kufanya hivyo hata umlipe.

Wakesho alifariki wiki hiyohiyo. Wenzangu kazini wanasema niliona nondo, kwa sababu kuna nondo mkubwa anayekunywa maua vilevile, na kila mara kuna mtu anadanganyika naye. Mimi nondo nawajua. Huwa nanyamaza, lakini inaniuma.

"Kanuni unaijua," mwenyekiti anasema. "Kisichothibitishwa hakikuonekana. Tukikataa, tunakiondoa."

"Mtamwondoa ndege?"

"Ndege na alasiri aliyotokea. Vimeshonwa pamoja."

Nageuka, na chumba ni baraza la nyumbani. Jua la alasiri ile limetandikwa sakafuni, na mchwa wawili waliovaa tai wanalikunja kuanzia pembeni, kama mkeka wa msibani. Walipopita, hapabaki kivuli wala saruji. Hapabaki kitu.

Niliogopa. Alasiri ile ndiyo ya mwisho niliyokaa na dada yangu, na sina nyingine.

"Picha iko wapi?" mwenyekiti anauliza.

Darubini yangu ikapanda juu ya meza, ikakohoa. "Naomba niseme ukweli," ikasema. "Mimi nilikuwa shingoni mwake na kamera ilikuwa mapajani. Hakutugusa. Bwana huyu alimwona ndege wa maisha yake akakaa tu, kama gunia."

"Kwa nini?"

"Dada alikuwa amenilalia," nikasema. "Usiku kucha hakuwa amepata usingizi. Ningeinua mkono angeamka."

Wajumbe walinong'onezana. Mchwa walikuwa wamefika kwenye miguu ya benchi tulilokalia alasiri ile.

"Basi shahidi wa pili ni nani?"

"Nilikuwa naye huyo dada tu. Na ameshafariki."

"Kufa si tatizo, hapa wote tumekufa," akasema mwenyekiti. "Tatizo ni kwamba alikuwa amelala. Fungueni droo ya chini."

Droo ya chini ikafunguka peke yake, polepole, na harufu ya dawa ya nondo ikajaa barazani. Wakesho alikuwa amelala chali ndani yake, na leso yake ya njano, na lebo imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Mahali pa macho palikuwa na pamba, kama wanavyowekewa ndege wa makumbusho, ila yake ilikuwa imesokotwa na uzi wa kijani.

Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja, mabuti yalikuwa yameshika sakafu.

Akaketi. Akatoa pamba ya jicho moja, kisha ya jicho la pili, akanitazama vizuri kutoka juu mpaka chini.

"Umenenepa," akasema.

"Mama anapika sana siku hizi, dada."

"Nishikie hizi." Akaniwekea pamba kiganjani. Ilikuwa na uvuguvugu.

Kanuni inasema mashahidi wasisikilizane, kwa hiyo darubini ikaniziba masikio kwa mkanda wake. Nilisikia kila kitu.

"Ulikuwa umelala?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilikuwa najifanya," akasema Wakesho. "Nikiamka angeanza kuniuliza kama nataka maji, kama nasikia baridi. Huyu ni msumbufu sana kwa mgonjwa. Nikaona bora nitulie, nimlalie hivyo hivyo."

"Uliona nini?"

"Ndege. Mgongo kijani, koo lina rangi ya komamanga lililopasuka. Alikuwa anavuma kama cherehani ya jirani. Akanywa, akarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu, akaondoka. Nondo hana koo la namna ile. Na moyo wa huyu ndugu yangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko mabawa yake, niliusikia kwa sikio hili. Nikajua ni ndege mkubwa kwake. Na bado hakusogea."

Mimi nililia, na machozi yakaenda juu, yakatua kwenye dari.

"Moyo hatuupokei," akasema mwenyekiti. "Ndege amekubaliwa."

Mchwa wakalegeza tai zao, wakalikunjua jua. Benchi likarudi. Mgomba ukarudi na ua lake.

"Sasa shahidi arudishiwe pamba alale."

Nikanyoosha mkono. Wakesho akanikunja vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu ambayo hakuwa nayo alipokuwa hai.

"Usiwape, Mwadime."

Wajumbe wote waligeuza shingo kwa pamoja, zikalia kama njiti zikivunjika. "Arudishe," wakasema. "Arudishe. Arudishe." Droo ilianza kujifunga na Wakesho ndani yake. Alijilaza mwenyewe bila haraka, na mpaka mwanya wa mwisho macho yake yalikuwa wazi, ananitazama.

"Mwadime. Amka mwanangu, kumekucha."

Alikuwa Mama, amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai. "Mbona umekunja ngumi hivyo? Nani unataka kumpiga asubuhi hii?"

Nilikunjua vidole. Vilikuwa vimekakamaa, ilibidi anisaidie. Kiganjani mlikuwa na vipande viwili vya pamba, vidogo, vimesokotwa na uzi wa kijani.

Mama aliweka kikombe chini. Akachukua kimoja, akakileta karibu na uso wake, akapapasa mwisho wa uzi kwa kidole.

"Uzi huu niliukata kwa meno," akasema. "Nilimwekea machoni nikiwa peke yangu naye, mlango umefungwa. Sikumwambia mtu."

Akaketi kitandani pembeni yangu.

"Kwa hiyo sasa anaona," akasema.