Krismasi ya Wanawake Nyumbani kwa Bi Nuala

Kerubo alikuwa amefika katikati ya viazi vyake pale Fortunée alipomgusa goti chini ya meza.

Siku hiyo walikuwa wageni, si wafanyakazi, na hilo peke yake lilimfanya Kerubo aketi wima kama mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili yeye na Fortunée walikuwa wakifika katika nyumba hii ya Acocks Green, mjini Birmingham, kila asubuhi, saa moja na nusu, kumwinua Bi Nuala Geraghty kitandani kwa mashine, kumwogesha, kumvalisha na kumkalisha dirishani. Kumwinua kulihitaji watu wawili, ndiyo maana kampuni ya kutunza wazee iliwatuma pamoja: Kerubo, Mkisii wa Nyamira, na Fortunée, mama wa watoto wanne kutoka Uvira, Kongo. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Walibishana juu ya maneno, wakachekana, kazi ikaisha. Bi Nuala, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa akiwatazama tu kwa macho yake ya kijivu, na akitaka kitu alisema kwa Kiingereza, maneno mawili matatu.

Kwao Ireland, tarehe sita Januari ni Krismasi ya Wanawake. Wanawake hukaa, wanaume huingia jikoni. Bi Nuala alikuwa mjane asiye na mtoto, basi mpwa wake Deirdre alikuja kutoka Great Barr, upande wa pili wa jiji, na mumewe, na huyo maskini alipika tangu asubuhi, akapanga vyakula mezani, kisha akajifungia chumba cha pili kutazama mpira. Kulikuwa na mkate wa soda, usiotiwa hamira, ungali wa moto, umechanjwa msalaba juu. Kulikuwa na viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi, na katikati shimo lililojaa siagi iliyoyeyuka. Kulikuwa na wiski, na bia nyeusi yenye povu zito. Na kulikuwa na sinia la nyama iliyokatwa vipande vyembamba, pembeni nyeusi kama makaa.

"Dada," Fortunée alinong'ona, "ile nyama nyeusi iko nini?"

Kerubo alimtabasamia Deirdre kwanza, kisha akajibu bila kufungua meno sana. "Itakuwa ni ile kitu yao ya damu. Kama mutura. Ama ni nguruwe. Mimi siigusi. Wewe ifiche chini ya viazi, tukitoka hapa tunapitia Ladypool Road tunakula kuku."

"Si damu, mwanangu," sauti ikasema. "Ni nyama ya ng'ombe. Imelala ndani ya chumvi, karafuu na pilipili manga siku kumi na mbili. Nguruwe nilimkataza Deirdre asilete, kwa sababu wewe ni Msabato."

Kerubo alimgeukia Fortunée, akidhani anamtania. Fortunée alikuwa ameachama, na kipande cha mkate kingali kimeshikwa hewani. Kerubo akaitazama redio iliyokuwa juu ya kabati. Ilikuwa imezimwa. Ndipo akageuza shingo, polepole, hadi kwenye kile kiti cha dirishani.

"Kula," alisema Bi Nuala. "Itapoa."

Kilikuwa Kiswahili safi cha kizamani, kila silabi imekanyagwa sawasawa.

Deirdre ndiye aliyeruka wa kwanza. Alidhani shangazi yake amepatwa na kiharusi. "Shangazi! Nitazame! Inua mikono yote miwili! Tabasamu!" alipiga kelele kwa Kiingereza, huku vidole vikitafuta namba ya ambulansi kwenye simu.

"Weka simu chini," Bi Nuala alimjibu kwa Kiingereza chao. "Sina kiharusi. Ninazungumza Kiswahili."

"Kiswahili? Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

Akawaeleza, kwa maneno machache, kama mtu anayetaja anwani yake. Alikuwa sista. Aliuguza wagonjwa huko Lodwar, Turkana, nchini Kenya, miaka kumi na tisa. Kisha akavua shela ya usista, akaja Birmingham, akaolewa na dereva wa basi. Mama yake mzazi aliona aibu, akawaambia majirani kwamba Nuala alikuwa muuguzi Liverpool siku zote hizo. Familia nzima ikashika hilo la Liverpool. Deirdre, mwanamke wa miaka hamsini, alikaa chini tena akajimiminia wiski bila kutazama kiasi.

Kerubo hakuwa akisikia vizuri. Alinyanyuka, akasema anaenda kuchukua maji, ingawa jagi lilikuwa mbele yake, akaingia jikoni akashika kingo za sinki kwa mikono miwili. Kimawazo alikuwa akirudi nyuma, asubuhi baada ya asubuhi. Siku aliyomwita shosho, yaani bibi, akasema leo ni mzito kama gunia la mahindi. Siku aliyosema huyu mpwa haji kumwona mtu, anakuja kupima mapazia ya nyumba atakayorithi. Halafu akakumbuka siku ile ya Juni, mama yake alipozikwa Nyamira na yeye hana karatasi za kumruhusu kusafiri na kurudi. Alimweleza Fortunée yote huku wanakunja shuka, akilia. Bi Nuala aliomba ashikwe mkono asubuhi hiyo. Alisema anahisi kizunguzungu. Waliketi hivyo nusu saa nzima, na Kerubo akaandika kwenye daftari la kazi: mteja alikuwa na kizunguzungu.

Aliporudi mezani alisimama nyuma ya kiti chake, hakukaa.

"Ulikuwa unasikia yote?"

"Yote."

"Na hukusema neno! Mwaka mzima, Bi Nuala! Tumekutukana humu ndani!"

"Si sana," alisema mzee. "La gunia lilinichekesha." Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Kerubo, miaka arobaini sikuwa nimesikia mtu akisema 'pole' jinsi inavyosemwa. Siku ya kwanza mlipoingia mnagombana kama ni 'mtu' au ni 'mutu', nilitaka kusema. Nikaogopa. Nikisema, mtaanza kunong'ona, au mtahamia Kiingereza. Nitabaki na redio."

Kerubo akavuta kiti. Akakaa.

"Leo nimesema," Bi Nuala aliendelea, "kwa kuwa umebakiza muda mchache. Leeds unaenda lini? Mwisho wa mwezi?"

Fortunée aliweka uma chini.

"Leeds gani?"

Habari ya kazi ya hospitali huko Leeds Kerubo alikuwa amemwambia dada yake peke yake, kwa simu na kwa Kiswahili, akiwa koridoni mwa nyumba hii hii, na mlango wa chumba wazi. Fortunée alikuwa hajui. Kila siku alipanga kumwambia, na kila siku ilipita.

"Fortunée, nilikuwa nataka..."

"Weye unaenda, na haukuniambia? Miye najua majina ya wadogo zako wote. Na unaenda?"

"Nilishindwa nianzie wapi."

"Ungeanza na 'Fortunée'."

Bi Nuala alifumba macho. "Nisamehe," alisema. "Nilidhani mmeshaambiana. Mnaambiana kila kitu." Na kweli alionekana kushtuka kuliko wote, mwanamke aliyejua siri za kila mtu mezani pale isipokuwa kwamba hiyo moja ilikuwa siri. Deirdre, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliwatazama wote watatu wakifuta macho, akawasogezea keki.

Kesho yake saa moja na nusu waligonga mlango kama kawaida. Fortunée alikuwa hajamsemesha Kerubo tangu jana. Walimwinua mzee, wakamwogesha, kimya, kila mmoja akiogopa mdomo wake.

"Mbona mko kama wageni?" Bi Nuala aliuliza. "Ongeeni."

Fortunée alivuta kiti, akaketi uso kwa uso naye, akamgeuzia Kerubo mgongo.

"Koko," alianza, kama anayemwita bibi yake mwenyewe, "acha nikwambie vile huyu mutu alinifanyia." Akaanza tangu mwanzo kabisa, tangu siku waliyokutana kituo cha basi Sparkbrook na Kerubo hana glavu, na Bi Nuala akawa anatikisa kichwa na kusema "ehe" na "kisha?" Kerubo alisimama pale na taulo mkononi, akisikiliza kesi yake ikisemwa, bila mtu yeyote kumtazama.