Sharti la Mwisho la Mzee Pazi

Mwaka ule wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, Hyasinta wa Kamunyonge alikuwa na mafuta, na watu walimsema. Sisi tunachemsha mboga kwa chumvi tupu, yeye anampaka mtu mafuta kichwani! Waseme, midomo ni yao. Kila asubuhi alimkalisha mdogo wake Masatu kwenye kigoda, akamsugua utosi na nyayo kwa mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na majani, mpaka mabega ya yule bwana yakashuka na macho yakatulia.

Dawa ile aliipata kwa Mzee Pazi wa Musoma mjini, aliyemtumikia mganga wa Kihindi miaka ishirini, akimtwangia mizizi, hadi mganga akafungasha na kumwachia vinu. Pazi hakuwa mtu wa makeke. Hakuahidi kuzifukuza sauti alizozisikia Masatu kichwani. "Tutamtuliza tu," alisema, kisha akataja masharti: mafuta kila siku, samli ya ng'ombe kwenye uji, alale mapema, bangi na gongo marufuku, na vidonge vya hospitali asiache hata siku moja. La mwisho alilisema huku akifunga chupa: asile peke yake.

Hyasinta alihangaika. Samli ilipoadimika alidandia lori la pamba mpaka Butiama, kapu la dagaa mapajani, akabadilishane na mama mmoja mfugaji aitwaye Boke. Vidonge vilipokosekana Musoma, alivifuata Bunda. Mwanamke yule alikuwa jembe, tusimnyime sifa yake. Ila lile sharti la mwisho alilikwepa.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, mbele ya wageni kutoka kanisani, Masatu aliipiga teke sinia, akapiga kelele kwamba dada yake ametia sumu kwenye samaki. Mchuzi ulimuunguza Hyasinta paja, lakini kilichomuuma zaidi ni macho ya wale wageni. Tangu siku hiyo Masatu aliwekewa sahani yake nyuma ya jiko, naye Hyasinta akawa anakula ndani, amesimama. Wageni hawakurudi tena. Nyumba moja, watu wawili, na kila mmoja na upweke wake.

Siku moja alirudi kwa Pazi kuchukua mafuta mengine.

"Usingizi anapata, na zile kelele zimepungua," alisema. "Ila anakonda, Mzee. Na hasemi neno."

"Anakulaga na nani?"

Hyasinta akatazama vinu. "Na mimi."

Pazi aliiweka chupa chini bila kuijaza, akamtazama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hyasinta akashindwa kuendelea na uongo wake, machozi yakamtoka.

"Namwogopaga, Mzee. Ndugu yangu wa tumbo moja, namwogopa."

"Siku amechafuka, mwache," Pazi akasema kwa upole. "Siku ametulia, kaa naye. Mafuta naweza kukupa hata pipa, mwanangu. Mtu wa kula naye mimi sina."

Jioni hiyo Masatu alikuwa ametulia. Hyasinta alisonga ugali, akaupakua kwenye sinia na kipande cha sangara, akaenda nyuma ya jiko. Akaketi chini.

Masatu alimtazama, akatazama sinia, kisha akainuka haraka.

"Samahani dada. Ngoja nikupishe ule."

"Hapana. Kaa tule."

"Si unaniogopaga?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka kudanganya.

"Naogopa," akasema. "Kaa hivyo hivyo."

Masatu akaketi, lakini akampa dada yake mgongo na kuelekea ukuta, jinsi alivyozoea kula miaka yote mitatu. Kisha akapeleka mkono nyuma, akapapasa ukingo wa sinia, akaanza kuutafuta ugali.

Hyasinta aliusogeza ugali karibu na vidole vyake.