Swali la Jioni

Kanisa lililomtuma lilimfundisha mengi kabla hajapanda ndege: achemshe maji, afunike mabega, asipige picha watoto wa watu bila ruhusa. Lakini somo lililomkaa kichwani lilikuwa fupi. Ukikaribishwa, ingia. Ukipewa, pokea. Ukiitwa, itika. Mshonaji yule alilishika kama mtoto aliyetumwa dukani, akavuka bahari na cherehani zake, akafika kijijini na shukrani tele. Alishukuru akipewa kiti, akashukuru akirudishiwa sindano, na kuna walioapa kwamba walimsikia akimshukuru kuku aliyempisha njia. Wiki haikuisha, wakawa wameshambatiza upya: Asante.

Alipangiwa kukaa nyuma ya kanisa, kwa mama mmoja mjane, mrefu, mchache wa maneno, mfuaji wa vitambaa vya madhabahu. Akapewa chumba cha pembeni: kitanda cha chuma, kioo chenye ufa, na chini ya kitanda ndala za buluu zilizolika visigino. Zake zilikuwa zimekatika njiani, akaomba kuzivaa hizo. Mama akazitazama kitambo.

"Vaa tu, mwanangu."

Mwanangu! Asante alilala na tabasamu usoni. Akiulizwa kilichomleta, alitaja injili na ushonaji, na hakusema uongo. Lakini kwao hakubaki mtu wa kumwita hivyo, na hilo ndilo lililomsukuma kuliko yote.

Kila jioni, akitoka kwenye ukumbi wa kanisa alikofundisha kina mama kukata na kushona, aliingia kwa mlango wa nyuma. Mama huwa jikoni, ameupa mlango mgongo, anamenya viazi. Bila kugeuka, huuliza, "Umerudi?"

"Nimerudi, mama!"

Kisu husimama kidogo, kisha huendelea.

Siku zikasonga, mama akaanza kuuliza mara mbili. Asante akaona masikio ya mzee yamechoka, akapaza sauti: "Nimerudi, mama! Nipo!" Basi mama akawa anauliza na mara ya tatu, kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba, na Asante, mtu wa kujitolea, akawa anamjibu kwa kelele za kuamsha kijiji kizima.

Mama akaanza kukonda. Sahani yake ilirudi ilivyokwenda, na vitambaa vya madhabahu vikarudi kanisani na madoa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nyumba nayo ikawa na mambo yake. Asante alirudi chumbani akakuta kitanda alichokitandika asubuhi kimebonyea upande wa ukutani, kama mtu ameinuka sasa hivi. Akakitandika upya. Kesho yake kimebonyea tena. Ni godoro kuukuu, alisema, na alilisema kwa sauti kwa sababu moyoni hakuliamini.

Aliyemfumbua macho ni mke wa seremala, mwanafunzi wake. Alikuwa amepiga magoti akipima upindo wa sketi, macho yakamwangukia miguuni mwa mwalimu.

"Kumbe hizo ndala bado zipo!"

"Za nani?"

"Za binti wa mama unayekaa kwake. Alitoka asubuhi kwenda mjini kununua uzi, lori likapinduka. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo mama yake anamuuliza kila jioni. Hukujua?"

Asante alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikusikia unaitika vizuri tu," mke wa seremala akasema, pini mdomoni. "Tukajua labda ndiyo dini ya kwenu."

Alitembea kurudi nyumbani peku, ndala mkononi. Aibu ilimla. Amekuwa akimjibia marehemu, tena kwa kupiga kelele, na mama wa watu pengine ameshachanganyikiwa kwa sababu yake. Lazima amwambie kweli, hata kama atafukuzwa.

"Umerudi?"

Akapiga moyo konde. "Mama, ni mimi. Mgeni wako. Nisamehe, sikujua. Yeye hawezi..."

Mama akaweka kisu chini, akageuka. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka.

"Najua ni wewe, mwanangu. Mimi si kichaa. Sikukuuliza wewe."

Asante akazibana ndala kifuani.

"Kabla hujaja alikuwa ananijibu," mama akaendelea. "Sauti yake ndogo tangu utotoni, mpaka utulie ndipo uisikie. Sasa akianza tu, wewe unamfunika. Wiki nzima hii sijamsikia."

"Kwa nini hukuninyamazisha?"

"Mgeni wa mbali hivyo, nimwambie anyamaze? Nikasema acha, atazoea."

Asante alikuwa na aya za Biblia za kujibu hayo. Wafu wamelala, hawasemi mpaka siku ya mwisho. Alishawafundisha hata watoto wa shule ya Jumapili. Aya zilimfika ulimini, akautazama mkono wa mama uliobaki mifupa, akazimeza. Akaenda kuzirudisha ndala chini ya kitanda.

Jioni iliyofuata akasimama mlangoni, peku.

"Umerudi?"

Neno lilimjaa kinywani, akakiziba kwa kiganja. Maji yalichuruzika kwenye beseni. Alitamani kukimbia. Alikuwa na hofu, na wivu pia, kwa sababu swali lile tamu halikuwahi kuwa lake hata siku moja.

Chumbani kitanda kikalia. Kisha ndala zikaburuzwa sakafuni, taratibu, mpaka karibu na jikoni. Asante hakugeuza shingo. Mabega ya mama yakashuka, kisu kikaanza kumenya, na mama akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za mjini.

"Kumbe," mama akasema. "Na uzi uliupata?"

Akasikiliza. Akacheka kidogo. Ndipo akageuka mzima mzima, akamtazama Asante pale mlangoni, kiganja bado mdomoni.

"Na wewe, mwanangu? Umerudi?"

"Nimerudi, mama," Asante akajibu kwa mnong'ono, asije akamfunika yule ambaye alikuwa bado anaongea.