Waliobaki Wazima

Walipofunga jiko la mama mdogo hawakumpa nafasi hata ya kuepua sufuria. Utepe mwekundu ulizungushwa nguzo hadi nguzo, maharage yakaungulia mekoni, naye akabaki kusimama barabarani na upawa mkononi. Fundi mkuu wa kiwanda cha sare kilicho mkabala alikuwa ameshamtangazia kila mwenye masikio kwamba yule mama amewalisha watu wake sumu. Wafanyakazi wake walikuwa wamelazwa kwa homa ya matumbo, na kila siku mbili tatu anaongezeka mwingine. Wa kwanza kuanguka alikuwa mpiga pasi mkongwe waliyemwita Mkunjo, kwa sababu hakuweza kuuona mkunjo kwenye nguo ya mtu akanyamaza. Alikuwa hoi. Mama mdogo alipokwenda kumwona, mke wa Mkunjo alimrudisha mlangoni mwa wodi.

Utepe ule ningepaswa kuushika mimi. Nafanya kazi idara ya afya ya mji, upande wa kufuatilia magonjwa. Watu wakiniuliza kama ni daktari nikasema hapana, hamu ya kuongea inawaishia. Daktari anatibu mgonjwa mmoja mmoja. Mgonjwa wangu mimi ni mtaa mzima, na sina sindano ya kumchoma, nina maswali tu. Ofisini wananiita Bi Maswali na sijawahi kulikataa jina hilo. Ila asubuhi ile bosi aliniambia nibaki ofisini, maana alijua mwenye jiko ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea.

Kwa hilo sikumlaumu. Jiko likishukiwa hufungwa kwanza, mengine baadaye, na ningefanya vivyo hivyo kwa jiko la mtu baki. Kilichonipandisha mori ni kilichofuata. Bosi alikwenda hospitali akawauliza wagonjwa wote walikula wapi, wote wakasema kwa mama mdogo, naye akaona kazi imekwisha. Ijumaa kulikuwa na kikao cha halmashauri, na hapo kibali cha jiko kingefutwa moja kwa moja. Mama mdogo angebaki mwanamke wa makamo asiye na kazi, anayenyooshewa kidole kila apitapo.

"Na waliobaki wazima je?" nikamwuliza bosi. "Wao walikula wapi?"

"Wazima wana shida gani?"

"Hawana. Ndiyo maana nawataka."

Nikamweleza, na najua nilimweleza kwa ukali usiomstahili mtu mwenye cheo chake. Ukiwauliza wagonjwa peke yao, nilisema, utagundua pia kwamba wiki ile wote walivaa viatu. Hatujafunga duka la viatu. Tunachotafuta ni kile walichofanya wagonjwa na wazima hawakukifanya, na hilo hulijui mpaka uziulize pande zote mbili. Bosi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hatimaye akasema sawa, lakini si mimi nitakayeuliza, kwani hata nikileta ukweli mtupu watu watasema nimembeba shangazi, mama mdogo, sijui nani. Niandike maswali, nesi wa kituo cha afya akaulize, mimi mdomo niufunge. Lilikuwa sharti la haki, nikalikubali.

Kesho yake tulikwenda kiwandani. Ulikuwa ukumbi mrefu wa bati: mbele wakataji na meza yao pana, katikati safu za cherehani, na nyuma kabisa, penye madirisha, wapiga pasi na pasi zao nzito za makaa, kwa sababu umeme wa pale haukuwa wa kutegemea. Shule zilikaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zimerundikana mpaka kwenye viti. Fundi mkuu alitupokea na tepu ya kupimia shingoni na uso uliokunjamana.

Washonaji walicheka waliposikia kwamba wao ndio wanaotafutwa. Mmoja akamwuliza nesi kama siku hizi uzima nao unatibiwa. Lakini walijibu, na majibu yao yalinifanya nitabasamu kwenye kona yangu. Karibu wote walikuwa wakila kwa mama mdogo kila siku ya kazi, maharage yale yale kutoka sufuria ile ile, na hayakuwa yamewafanya lolote.

Hilo liliitikisa kesi, halikuimaliza. Bosi angeniuliza, kama si chakula ni nini, na angekuwa na haki, maana watu walikuwa bado wanaugua. Nikauchora ule ukumbi kwenye karatasi, nikatia alama mahali alipofanyia kazi kila mgonjwa. Alama zikajikusanya nyuma, kwenye meza za pasi. Moja tu ilikuwa mbele, ya mshona vifungo, na hiyo ilinikosesha raha mpaka shoga yake aliposema kwamba mwezi uliopita huyo mama alishika pasi siku kadhaa, mwenzake alipokwenda msibani.

"Kwani siku hizi pasi inaambukiza?" fundi mkuu aliuliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Maji ndiyo niliyoyashuku tangu mwanzo, lakini nesi alikuwa amewauliza wote wanakunywa maji gani, na wapiga pasi, kama wenzao, walikuja na ya kuchemsha kutoka nyumbani. Nikaomba kiti. Fundi mkuu akasema pale si sebuleni. Nikajikaza kisabuni, nikageuza ndoo tupu nikaikalia kando ya meza za pasi, nikamwahidi kwamba nitatazama tu.

Joto la makaa lilinichoma uso. Nilitazama mikono yao, inapokwenda na inachogusa, mpaka macho yakaniwasha. Kisha dada mmoja, aliyeletwa kuziba pengo la wagonjwa, akatandaza sketi mezani, akachota maji kwa kopo, akayabugia mpaka mashavu yakafura, akayapuliza juu ya kitambaa. Ukashuka ukungu mwembamba, safi, pasi ikapita juu yake na mvuke ukapanda. Akabugia tena. Jirani yake naye hivyo hivyo. Nimewaona wapiga pasi wakifanya hivyo tangu utoto wangu, na kwa sababu hiyo hiyo halikuwa limenijia akilini.

"Hayo maji," nikasema, na ahadi yangu ikaishia hapo. "Si mlisema mnakunywa ya kuchemsha tu?"

"Haya hatunywi, dada," akanijibu kwa upole, kama anayemwelewesha mgeni. "Haya ni ya nguo."

Chupa za kunyunyizia zipo, alinieleza, ila zinatoa matone makubwa yanayoacha madoa. Mdomo ndio unaotoa ukungu, na Mkunjo hakumruhusu mtu yeyote kwenye meza zake kutumia chupa. Hakuna aliyedanganya. Sisi tuliwauliza wanachokunywa, nao hawakuwa wakinywa. Nikamshika mkono nikamsihi aliweke kopo chini na asilirudishe mdomoni. Nilikuwa na furaha, sioni aibu kusema. Nikauliza maji yale yanatoka wapi, huku nimeshasimama tayari kumkimbilia bosi.

"Kwenye pipa lile."

"Na ya kwenye pipa?"

"Kwa mama wa maharage. Bomba letu lilipokauka alituambia tuchote kisimani kwake, kule nyuma. Tena akatukataza kubisha hodi kila mara, akasema lango liko wazi."

Furaha ikanikauka mdomoni. Kisima kile nakijua. Ni kifupi, mfuniko wake ni bati lililotoboka, na mvua zilipozidi choo cha jirani kilikuwa kimebomoka upande wa juu yake. Mama mdogo hakupikia maji yale hata siku moja. Ya kupikia aliyafuata kwenye bomba la mtaa wa pili, akayachemsha. Ya kisimani yalikuwa ya kusugulia sakafu, na watu walipomwomba maji ya nguo hakuona ubaya wa kuwapa. Ana moyo wa namna hiyo.

Nilichukua maji ya pipa na ya kisima nikayapeleka maabara kwa mkono wangu. Majibu yalitoka Alhamisi: yote mawili yamechanganyika na uchafu wa chooni.

Sitajifanya malaika. Ningeweza kuandika habari za pipa nikakomea hapo. Pipa lingemwagwa, jiko lingefunguliwa, na mama mdogo angetembea kifua mbele. Lakini zilikuwapo nyumba nyingine zilizochota pale, na watoto wanaooga bila kufunga midomo. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwake kabla ya kwenda kwa bosi.

Nilimkuta chumbani, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilipomwambia kwamba maharage hayana hatia alinyanyua mikono juu, akacheka, akamtaja fundi mkuu kwa jina lisiloandikika. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia yaliyobaki. Alikaa kitandani polepole, na nguo ikamteleza mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi kweli," akasema.

"Ni kisima, mama mdogo. Hukujua."

"Usinibembeleze. Lango langu, maji yangu, na mdomo wangu ndio uliowakaribisha." Akanitazama moja kwa moja. "Unaandika, huandiki?"

"Naandika."

"Ungeficha ningekuchapa, na ukubwa wako huo. Andika. Lakini wale watu hawatakwenda kulisikia kwenye vikao. Watalisikia kwangu."

Mimi niliyekuja kumliwaza ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyetafuta kitambaa.

Jioni ile bosi alisoma taarifa yangu mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa kisima. Akaniuliza kama nina hakika nataka uende kikaoni vile ulivyo. Nikamwambia nina hakika. Akatia saini: jiko lifunguliwe, kisima kifukiwe, wapiga pasi wapewe maji safi na wakatazwe kuyatia mdomoni. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kuanzia sasa wazima nao wataulizwa. Nilimpenda kwa hilo, nikaondoka kabla sijaliharibu kwa maneno.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kikao, nilimsindikiza mama mdogo hospitali. Alikuwa ameshapita kiwandani alfajiri, akasimama katikati ya cherehani akasema yote. Kilichomtisha ni wodi. Mke wa Mkunjo alisimama alipotuona, akajiweka kati yetu na kitanda, lakini Mkunjo mwenyewe akamwashiria atupishe. Alikuwa amekonda, mrija wa maji mkononi, shuka limenyooshwa barabara mpaka kidevuni.

Mama mdogo hakuzungusha maneno. Alimwambia kisima ni chake, maji ni yake, na hakujua kwamba wanayatia mdomoni. Kama angeuliza wanavyoyatumia, Mkunjo asingekuwa kitandani hapo. Akasema hakuja kuomba asamehewe leo wala kesho, amekuja ili Mkunjo asikie kutoka kwake mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la nguo.

Mkunjo alifumba macho, nikadhani amelala.

"Na maharage?" akauliza.

"Maharage hayana neno. Wamewauliza hata wazima."

"Nimelala hapa nikijiambia sitakula tena kwako. Limeniuma hilo. Tumbo lenyewe halikuniuma hivyo. Waulize manesi lini wataniruhusu chakula cha kutafuna, uniletee. Maji nitakunywa ya hapa hapa."

Mama mdogo alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mke wa Mkunjo alimtazama, bado amesimama, bado hajalainika sana usoni. Kisha akaondoa kikapu chake kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda, akamwambia akae.