Mandazi ya Mgeni

“Umechoka na nini wewe, Milagres, na siku nzima umekaa?”

Roshan, jirani wa mlango wa pili, aliuliza kwa utani tu, mwaka jana, wakisubiri lifti ya jengo lao huko ughaibuni, Scarborough. Wote wawili ni watu wa Tanga, kutaniana ndiko kusalimiana kwao. Milagres alicheka. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halitoki wala halimezeki.

Angejibu nini? Magoti yake yamelika. Daktari alimwonyesha kwenye picha, mfupa unasaga mfupa. Maumivu humkatia usingizi, na asipolala, nguvu humwishia kabla hajamaliza kuvaa. Akikaa kupumzika, magoti hukaza, na moyo nao huzama, kwani tangu Menino mumewe azikwe hana wa kumvua hata kiatu. Kanisani hapigi tena magoti. Husali ameketi, akimwomba Mungu radhi.

Basi binti yake Carla akaomba msaada wa serikali: mtu wa kuja kila asubuhi amwogeshe mama na kumvisha. Carla mwenyewe alikuwa amemaliza likizo zote, na bosi keshamwonya.

“Wakikataa, Mama, ni nyumba ya wazee,” alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukisikia tu, hakisemi. “Mkaguzi anakuja Alhamisi. Tafadhali usifanye kitu. Akukute ulivyo.”

Akutwe alivyo! Mgeni aingie apokewe na vumbi? Jumatano Milagres alifagia huku ameegemea kiti, akasugua jiko, akaketi, akainuka tena. Alhamisi alfajiri akakanda unga. Mandazi yalipoiva, aliyapanga kwenye sahani akiwa ameketi.

Mkaguzi alikuwa Farheen, binti aliyezaliwa Moshi.

“Shikamoo, mama. Habari za hapa?”

“Marahaba, mwanangu. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu.”

Farheen akaandika.

“Mama, mwambie,” Carla alinong’ona kwa Kiingereza.

“Nimwambie nini, na mgeni hajala?”

Farheen akacheka, akauma andazi. “Iliki hii! Umepika mwenyewe?”

“Mwenyewe. Nani mwingine?” Fahari ilimtangulia kusema.

“Na usafi wote huu?”

Uongo ni dhambi. “Ni mimi.”

“Na kuchoka, je, unachoka?”

Jibu lilifika ncha ya ulimi, likakutana na lile swali la Roshan. “Mzee gani asiyechoka, mwanangu?”

Farheen akaandika na hilo. Kisha, kwa upole, akasema wako wengi wasioweza hata kuketi kitandani. Kwa aliyoyaona leo, mama anajiweza. Alikataa kufungiwa mandazi ya njiani, sheria hairuhusu, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Milagres alishika ukingo wa meza.

“Carla, mwite arudi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, hata hapa nilipo siwezi kuinuka.”

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo.

Carla aliitazama sahani, akaitazama sakafu inayong’aa.

“Sasa ndiyo unasema,” alisema, kwa Kiswahili.

Milagres akajaribu kusimama amfuate Farheen mwenyewe. Goti lilikataa. Carla alichukua koti lake kwenye msumari, akalivaa taratibu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatoka kwenda zake kazini.