Joto la Mama Joshua

Saa nne asubuhi, mwaka ule wa mvua za Elinino, Penina, au Mama Joshua kama mtaa ulivyomwita, alikuwa amekaa kigodani uani kwake Miyuji, akichagua mawe kwenye mchele wa Bahi, joto lake la kila siku likampanda kutoka kifuani hadi utosini. Jirani yake Mwajabu akasogeza ungo wa mlenda mbichi nyuma ya mgongo wake. Kabla mchele haujaisha kuchaguliwa, majani yalikuwa yamekauka, tayari kutwangwa.

Hakuna aliyeshangaa. Jua lilikuwa halijaonekana wiki tatu, na mlenda usipokaushwa sasa, kiangazi ugali mtaushushia maji. Kina mama wakapanga zamu. Mume wa Penina, Sostenes, karani aliyepunguzwa kazi shirika lao lilipobinafsishwa, akaacha kununua mkaa wa pasi. Shati lake la kanisani alilinyoosha mgongoni mwa mkewe, akianza na kola. Mtu nadhifu, huwezi kumlaumu.

Penina mwenyewe alikuwa anateketea. Jasho lilimchuruzika, usingizi ulimhama, na alichoka, alichoka kwelikweli. Alitaka kitu kimoja tu: kulala amejifunika shuka mpaka asubuhi, kama watu. Jamani, hilo nalo ni kubwa?

Akaenda kwenye mojawapo ya zahanati za watu binafsi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa mjini. Daktari akampima presha, akamuuliza habari za saratani na damu kuganda, akamweleza kwamba huo ni ukomo wa hedhi, homoni zimepungua, akampa vidonge vya kuziongeza. Sostenes akaviweka juu ya kabati. Dawa hazina haraka, alisema, mvua ikatike kwanza. Mwajabu akamuunga mkono, ungo kiunoni.

Penina alisubiri siku mbili, kisha akapanda kiti.

Wiki ya tatu joto likapungua. Ya tano likamwachia. Siku hiyo aliamka jogoo ameshachoka kuwika, shuka shingoni, akacheka peke yake.

Alipofungua mlango, mtaa mzima ulikuwa uani kwenye manyunyu, nyungo za mlenda uliolowa zimefunikwa kwa khanga, na Sostenes katikati yao, shati lina mikunjo. Wakamkalisha mkekani, wakamshika mkono mmoja mmoja.

"Pole sana, shoga yangu," alisema Mwajabu, machozi yakimlengalenga. "Baridi hii imeanza lini?"

"Jana," alijibu Penina.

Alikuwa ameungua miaka minne, na hiyo ndiyo pole ya kwanza kupewa. Akaipokea kwa adabu, akaomba aletewe sweta. Hakuna aliyeinuka.