Bi Hadija na Filamu za Kuchinjana

Wanawake wa Rahaleo walishasema Bi Hadija kachanganyikiwa. Mtu mzima, mjane wa watu, kila akimaliza swala ya alasiri anajitanda kanga yake, huyoo, bandani kwa Lukasi kuangalia video za damu! Tena si video yoyote. Anazitaka zile za wasafiri: vijana na mabegi yao mgongoni wanafika nchi ya watu, wanakaribishwa chakula, na kabla hujameza mate mwenyeji kachomoa panga.

"Piga hodi kwanza, we mtoto!" Bi Hadija humfokea Mzungu kwenye skrini. "Umemwona mjumbe? Kwenu umeaga?"

Banda zima hucheka. Msumeno ukianza kunguruma, yeye huanza kulia, analia kwelikweli mpaka kanga inalowa. Lukasi, mwenye banda, alimwambia siku moja, "Bibi, ile ni rangi tu." Akajibiwa, "Niache nilie, kiingilio nimelipa."

Ukweli wake hakuna aliyeujua. Bintiye Saida, muuguzi, alikuwa amepata kazi Maskati, na Ijumaa anaondoka. Kilichobaki ni radhi ya mama. Na Bi Hadija kila akifungua mdomo kuitoa, machozi haya hapa. Sasa nani asiyejua? Msafiri haliliwi. Ukimlilia mtu anayeondoka unamchuria, ni kama umeshamzika. Basi nyumbani akakaza uso, akatwanga kisamvu, radhi hakuitoa. Machozi akayapeleka bandani, kwenye maiti za watu asiowajua. Huko alikuwa huru, wallahi, na akitoka kifua chepesi aliweza hata kutaniana na binti yake.

Saida yeye aliona jambo moja tu: mama hataki, na anatafuta ushahidi kwenye filamu.

Jumatano akamfuata. Alimkuta benchi la mbele, akajipenyeza ubavuni pake. Filamu ndiyo kwanza inaanza: msichana anafunga begi, mama yake kasimama mlangoni anampungia mkono. Hakuna panga wala damu. Bi Hadija akaangua kilio.

"Bibi, bado hajachinjwa!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakavunjika mbavu.

Saida hakucheka. "Mama, basi. Nimeshampigia wakala, nimemwambia siendi. Bila radhi yako mimi ndege sipandi."

Moyo wa Bi Hadija ukaruka kwa furaha, na furaha ile ile ikamtia aibu. Kunyamaza tu kungetosha, mtoto angebaki, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamtazama vizuri. Macho ya Saida yalikuwa yamevimba. Kumbe naye alikuwa akilia huko peke yake, maskini!

"Mpigie tena," akasema.

"Lakini mama..."

"Mpigie, nimesema! Mwambie unakwenda. Radhi yangu unayo, ya kwenda na ya kurudi."

"Mbona unalia, mama? Utanichuria."

Kwenye skrini msichana alishafika ugenini, na watu bandani walikuwa wanawanyamazisha. Bi Hadija hakujifuta uso.

"Nalia, ndiyo. Na Ijumaa nitalia mbele ya watu wote. Machozi ya mama yangekuwa yanaua, mwanangu, ungekufa siku ile niliyokuzaa."